Masta ya unasihi inanielemea mwaka wa pili, mliopita huku mlivukaje?

mwalimu_wa_kibaigwa:

Habari za jioni wapendwa. Naomba mnisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu, nimeandika nikafuta nikaandika tena tangu juzi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, miaka 36, watoto wawili, niko mwaka wa pili wa masta ya saikolojia ya unasihi hapa Dodoma. Koziweki nimemaliza salama, sina sapu hata moja. Kilichonileta huku ni kwamba shuleni nilikabidhiwa kitengo cha malezi na unasihi kwa sababu tu ni mwanamke na watoto wamenizoea, basi nakaa na binti kapata mimba au kijana kafiwa na baba yake namwambia jikaze mwanangu yatapita, af narudi nyumbani roho inanisuta maana najua kabisa yule mtoto katoka ofisini kwangu na mzigo uleule aliokuja nao. Nikasema ngoja nikaisome hii kazi.

Sasa nimekwama sehemu mbili na zote zimekuja kwa pamoja.

Ya kwanza ni fildi. Nimepangiwa kliniki, nina klayenti wachache, ila kuna mama mmoja (vitu vingine nimebadilisha ili asijulikane) ambaye sesheni nzima anafungua fundo la kanga yake, anatoa hela za nauli, anazihesabu, anazifunga tena. Anafungua tena anahesabu. Ni hela ileile, haiongezeki wala haipungui. Nikimuuliza kama tulivyofundishwa darasani, kwamba jambo hilo linakufanya ujisikie vipi, ananijibu kichwa kinaniuma mwalimu, au moyo unaenda mbio, au nina mawazo mengi. Basi. Nakaa kimya kama tulivyoambiwa ukimya nao ni zana, na yeye anakaa kimya, nahisi ananiheshimu tu anasubiri nimruhusu aondoke. Nilimjazia ile fomu ya maswali 9 ya sonona, nikauliza mawili matatu hadi nane, lile la mwisho la kufikiria bora ufe nikaliruka. Sikuweza. Ni mtu mzima sawa na mama yangu, ulimi ukawa mzito. Tangu siku ile sijalala vizuri, usiku nikifumba macho naona zile hela, mume wangu akiniuliza una nini siwezi kumwambia kwa sababu ya usiri, nimekua mkali kwa watoto bila sababu.

Ya pili ni tasnifu. Chapta ya kwanza ilikaa kwa supavaiza wiki 7, nikimtumia ujumbe haujibu, nikienda ofisini yuko semina, siku imerudi ina mstari mmoja tu juu kwamba mada ni pana mno. Wiki 7 kwa mstari mmoja. Mada yangu ni changamoto za huduma ya unasihi katika shule za sekondari Tanzania. Wenzangu wawili wameshaenda kukusanya data, ruhusa yangu ya masomo inaisha mwezi wa tisa, na ada ya muhula huu nimekopa kwenye kikundi.

Nauliza kwa moyo mmoja, mliomaliza mlivukaje? Na hili la kubeba habari za watu mpaka kitandani linaisha au ndo kazi yenyewe ilivyo? Kama ndo ilivyo nijue mapema nirudi nikafundishe Historia yangu.

Upepo wa Julai:

Pole sana mwalimu. Mimi nilimaliza miaka michache nyuma fani hiyohiyo, nianze na tasnifu maana hiyo inarekebishika haraka, hilo la klayenti nawaachia wenye uzoefu mkubwa.

Supavaiza kukaa na chapta wiki 7 ni makosa, sitamtetea, lakini huo mstari mmoja aliokuandikia ni wa kweli dada yangu. "Shule za sekondari Tanzania" utazifikia na nani? Unataka nauli ya kwenda Kagera na Mtwara? Mimi nilianza na mada ya namna hiyohiyo nikapoteza muhula mzima naitetea. Siku moja nikakaa nikajiuliza ni nani hasa ninayeweza kukaa nae ana kwa ana kabla mvua hazijaanza, nikapata walimu 12 wa wilaya moja, na swali likawa moja tu, mwalimu wa unasihi ambae pia ana vipindi 24 kwa wiki anapata wapi muda na faragha ya kumsikiliza mwanafunzi. Mada ikapita kwenye kamati mara moja. We upo Kibaigwa, wilaya ya Kongwa ni yako, hao walimu unawajua, wanakujua, na wewe mwenyewe umekaa kwenye kiti chao. Lile jambo la kumwambia mtoto jikaze yatapita kisha roho ikakusuta, mwalimu hiyo ndo tasnifu yako, ulivyoiandika hapa imezidi chapta nyingi nilizosoma.

Kitu kingine, usisubiri chapta zote tatu zikamilike ndo uanze kuhangaika na vibali. Ulizia ofisini kwenu ni hatua gani wanayokupa barua ya utambulisho, kwetu ilikua baada ya proposo kupita, ile barua inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inaenda kwa mkurugenzi, ndo unafika kwa mkuu wa shule. Kila meza ina siku zake, na mhusika akiwa safari barua inalala. Beba kopi za kutosha na kila kopi igongwe muhuri wa kupokelewa, maana mimi moja ilipotea kati ya ofisi mbili zinazotazamana. Na kama unataka kuongea na wanafunzi walio chini ya miaka 18 jua kabisa unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi NA ukubali wa mwanafunzi mwenyewe, karatasi mbili tofauti, hapo muda unaliwa sana. Ukibaki na walimu unajiokolea miezi.

Rekodi mahojiano kwa Kiswahili na uyachape kwa Kiswahili. Uchambuzi fanya kwenye Kiswahili, tafsiri baadae yale maneno utakayoyanukuu tu. Wengi wanatafsiri kila kitu kwanza wanachambua Kiingereza chao wenyewe, sauti ya mtu imeshapotea. Kuchapa rekodi ya saa moja mimi ilinichukua siku nzima, usijidanganye kwamba utamaliza kumi wikiendi moja. Kwa uchambuzi wa dhamira soma ile makala ya Braun na Clarke ya 2006, ina hatua sita, inasomeka, na wahadhiri wetu wote wanaikubali.

Kuhusu supavaiza asiejibu, nilichofanya mimi niliacha kumuuliza "vipi umesoma?" nikaanza kumpelekea kurasa tatu tatu zilizochapwa, na swali moja nimeliandika juu kwa kalamu. Kurasa tatu mtu anasoma amesimama. Kurasa 40 anaziweka pembeni mpaka apate nafasi, na nafasi haipatikani. Ikishindikana nenda kwa mratibu wa uzamili kwa maandishi na kwa heshima, weka tarehe ulizowasilisha, usiende na malalamiko ya mdomo.

Baba Jose:

Dada mwalimu mimi nitasema tofauti kidogo usinichukie. Una ajira, una watoto, una mkopo wa kikundi. Masta haikimbii. Simamisha masomo mwaka mmoja, rudi kazini, lipa deni, lala usingizi, piga magoti uombe, af urudi ukiwa na nguvu. Mke wangu alifanya hivyo na alimaliza. Kuna mtu anaendelea tu kwa sababu anaona aibu kusimama, anaishia kuumwa. Na hilo la siri, kama una mchungaji au shehe unaemwamini mwambie wewe umechoka, sio lazima umtaje mgonjwa.

mwalimu_wa_kibaigwa:

Sikuchukii kaka, na kwa kweli nimeliwaza. Ila naogopa nikisimama sitarudi, najijua. @Upepo wa Julai nimesoma ulichoandika mara tatu, pale uliposema hiyo ndo tasnifu yako nilikua jikoni nikazima jiko kwanza nikakaa.

mnasihi wa zamu:

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nafanya kazi ya unasihi hospitalini mwaka wa 11 sasa, nimesimamia wanafunzi wa fildi wengi, mwalimu nitakujibu bila kuzunguka.

Kwanza kabisa lile swali la tisa. Kesho asubuhi kabla ya chai mpigie msimamizi wako wa fildi umwambie kama ulivyotuambia sisi, kwamba uliuliza nane ukaruka la mwisho. Usiogope ataniona mjinga. Kila mmoja wetu amewahi kuliruka au kulipitisha haraka haraka kama anaesoma tangazo. Lakini ile fomu bila swali la tisa umejua ana huzuni kiasi gani, hujajua yuko salama kiasi gani, na huo usingizi unaokosa nafikiri ndo unatokea hapo. Hulali kwa sababu hujui. Watu wanahofia ukimuuliza mtu kuhusu kufa utamtia wazo, sio kweli, tafiti zimelirudia hili mara nyingi na mimi nimeliona kwa macho yangu, anaeulizwa kwa upole anapumua. Uliza moja kwa moja, kwa Kiswahili cha nyumbani. "Mama, katika haya yote, umewahi kufikia mahali ukaona bora nisingekuwepo? Umewahi kufikiria kujidhuru?" Halafu nyamaza. Akisema ndiyo usihubiri, usimwambie una watoto, muulize lini, muulize kama amefikiria namna gani na kama hiyo njia iko karibu nae, na haondoki hapo kabla msimamizi hajaingia. Usiri una mpaka na mpaka wenyewe ni huo, mueleze mwanzoni kabisa wa sesheni ya kwanza ili asijione amesalitiwa.

Pili ni lugha, na hapa ndo naona vyuo vinatuachia pengo. Tunafundishwa kwa Kiingereza, tunafanya maigizo darasani kwa Kiingereza, tukifika kliniki tunafasiri sentensi moja moja. "Linakufanya ujisikie vipi" sio swali ambalo mama wa hapa kwetu amewahi kuulizwa na mtu yeyote. Ndo maana anakujibu kichwa. Lakini mwalimu, hajakwepa! Amekujibu. Mwenye sonona hapa kwetu mara nyingi analeta mwili kwanza, kichwa kinawaka, mgongo, usingizi umehama, moyo unadunda, na lile neno mawazo mengi lichukulie kwa uzito wake wote. Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza kufundisha bibi 14 wa Harare kusikiliza watu kwenye benchi nje ya kliniki, na hawakutumia jina la ugonjwa la kizungu, walitumia neno la Kishona kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Ni mawazo mengi yetu haya haya. Walipopima kazi yao kwenye kliniki 24 na matokeo yakatoka 2016, waliokaa na wale bibi walikua na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sasa anza na neno lake. "Hayo mawazo yanakuja saa ngapi? Yakija yanasemaje? Kichwa kikianza kuuma ulikua unawaza nini?" Utaona mlango unafunguka.

Na sikiliza hili, kilichomfanya huyo daktari aanze ni mgonjwa wake mmoja kijana aliejiua, familia ilijua anatakiwa kurudi hospitali ila hawakua na nauli. Nauli tu. Nilipofika pale kwako kwenye fundo la kanga nilisimama kusoma. Umemuuliza zile hela? Sisemi ni hicho, simjui. Ila kitu ambacho mtu anakifanya mbele yako saa nzima kiulize kwa upole, "naona mama unahesabu, niambie kuhusu hiyo nauli." Inawezekana amekopa ili aje kwako. Inawezekana anapiga hesabu akitoka hapo ashuke njiani atembee kilichobaki. Ukijua hilo unaweza kubadilisha ratiba zenu ziwe siku ambayo anakuja mjini kwa mambo yake mengine, na hiyo nayo ni tiba.

Ukimya pia. Carl Rogers alituachia mambo mazuri sana, kumpokea mtu bila masharti, kuwa mkweli, kuonyesha umemuelewa, na nayaamini yote. Lakini kijana kukaa kimya mbele ya mtu mzima huku anamkazia macho, kwetu huku hayo sio mapokezi. Mama anasoma ama umechoka nae ama unamhukumu. Msalimie shikamoo yako vizuri, muulize habari za nyumbani na za mvua na usiharakishe, kama ni Mgogo na unaweza kusema mbukwenyi sema, keti pembeni yake kidogo msitazamane uso kwa uso kama mahakamani, na anapokwambia jambo zito jibu hata kwa "mh, pole mama". Hiyo pole ndo kuonyesha umemuelewa. Mwaka wa kwanza kazini niliambiwa na mzee mmoja kwamba binti, unaniuliza maswali mazuri ila hujanipa pole hata moja. Mpaka leo naikumbuka.

Mwisho swali lako, je kubeba kunaisha. Haliishi lote, mwalimu, linapungua na linabadilika. Kinachokuumiza sasa ni kubeba peke yako. Usimamizi wa kitaalamu haupo kwa ajili ya kusainiwa logibuku tu, ni haki yako kila wiki kukaa na mtu aliekutangulia ukatapika kile ulichobeba, na humvunjii mtu usiri kwa kufanya hivyo, ni sehemu ya huduma yake ilimradi hamtaji majina korido. Kama msimamizi anakupa dakika 10 omba 40, kwa maandishi. Kama hana, wanafunzi watatu wanne mkutane kila Jumamosi mzungumzie kesi bila majina. Mimi kikundi chetu kilikua kinakutania chini ya mti nyuma ya hosteli na wale watu ndo walionivusha, kuliko kitabu chochote. Pia weka kitu cha kukata siku. Mimi nikitoka nanawa mikono mpaka kwenye viwiko, taratibu, naacha koti ofisini, natembea mpaka kituo kinachofuata badala ya kupanda daladala pale mlangoni. Miaka 11 sijaacha.

Na mumeo mwambie. Sio habari za mama, habari zako. "Leo nimesikia jambo zito, nipe nusu saa kabla watoto hawajanirukia." Hapo hujavunja siri ya mtu yeyote.

@Baba Jose uliyosema kuhusu kusimama sio mabaya, kuna wanafunzi wangu nimewashauri hivyo. Ila huyu sijaona mtu wa kusimama, naona mtu asiyesimamiwa.

Zabibu Chungu:

Samahani kuingilia, mie niko mwaka wa kwanza na nina swali dogo. Dodoma hii ndogo, unakutana na klayenti sokoni Majengo yuko na mumewe au mashemeji, unafanyaje? Juzi mmoja aliniona akageuza njia nikaumia sana nikajiona nimemkosea.

mnasihi wa zamu:

Hujamkosea mdogo wangu. Hili zungumza nae mapema ndani ya chumba, mwambie tukikutana nje mimi sitaanza kukusalimia, ukinisalimia nitaitikia kama jirani, usiponisalimia nitaelewa na sitakasirika. Kwetu kumpita mtu bila salamu ni tusi kwahiyo usipomuandaa ataona umemdharau, au yeye atajiona amekudharau. Na kumbuka watu wa hapa wamekua wakitaniwa tangu utoto, mtu akikosea kidogo anaambiwa we utapelekwa Mirembe, ile hospitali ya akili ya hapa Dodoma, kwahiyo kuonekana na mtu wa kliniki ya akili mbele ya mashemeji kwake ni jambo kubwa. Aligeuza njia kujilinda. Sesheni ijayo likumbushie wewe kwanza, kwa wepesi, umtoe wasiwasi.

Upepo wa Julai:

Hii ya kukaa pembeni badala ya kutazamana darasani hatukuwahi kuambiwa. Nimefanya kazi miaka mitatu nikiwakazia macho wazee wa watu.

mwalimu_wa_kibaigwa:

Nimerudi baada ya siku 9, samahani kwa kimya, mtandao nyumbani shida na nilitaka nije na kitu mkononi.

Nilimpigia msimamizi asubuhi ileile. Mikono ilikua inatetemeka kweli. Hakunigombeza, alisema njoo nusu saa kabla ya kliniki tufanye mazoezi ya hilo swali, nikaliuliza mara sita kwake mpaka likatoka bila kukwama. Mama alipokuja nilimpa shikamoo, nikasogeza kiti pembeni, tukaongea mahindi na mvua kwanza dakika kama kumi, nilikua nahesabu muda unapotea kumbe haukupotea. Nikamuuliza hayo mawazo yanakuja saa ngapi. Akanijibu kwa urefu ambao hajawahi. Nikauliza swali la tisa kwa maneno ya @mnasihi wa zamu. Aliacha kuhesabu. Hela zilikua kiganjani akazikunja akazishika tu, hakuzifunga kwenye kanga mpaka tunamaliza. Alichojibu kinabaki kwangu na kwa msimamizi ambae nilimuita hapohapo, niseme tu mama yuko na watu, anafuatiliwa, na Ijumaa anarudi. Na siku tumebadilisha iwe siku ya mnada wake maana nauli nilimuuliza pia. Ulichohisi dada mnasihi hakikua mbali.

Usiku ule nililala mpaka saa 11 alfajiri. Mume wangu nilimwambia nipe nusu saa, akachukua watoto akaenda nao kwa mama yake, hakuuliza.

Tasnifu nimeikata, ni Kongwa tu, ni walimu wa unasihi tu, ni muda na faragha. Nimepeleka kurasa tatu zilizochapwa. Supavaiza alizisoma nimesimama mlangoni! Kaandika endelea. Najua bado vibali na bado ada, mwezi wa tisa sijui kama nitatoboa, nimeandika barua kuomba kuongezewa ruhusa miezi mitatu nasubiri jibu.

Jumamosi tumeanza kukutana wanne. @Zabibu Chungu kama uko chuo hikihiki nitumie ujumbe pembeni uje.

Sasa nina ombi lingine. Walimu wangu wengine wanasema watoto wa vijijini ndani wanaongea nao Kigogo wakati wa unasihi, na kwenye mwongozo wangu wa mahojiano nataka waniambie maneno hasa wanayotumia mtoto akiwa na mawazo mengi. Mimi sio Mgogo, nimeolewa tu huku. Kuna mwenye Kigogo cha uhakika wa kunisaidia kuelewa wakinijibu?

mjukuu wa Mvumi:

Nimekua nasoma kimyakimya tangu mwanzo. Mimi Mgogo wa Mvumi, nitumie huo mwongozo. Ila maneno ya mambo ya moyoni mengine nimeyasahau kwa kukaa mjini, nitayaandika nilivyoyasikia utotoni af Jumapili naenda nyumbani nitamsomea bibi moja moja, yeye atasema lipi linatumika kwa mtoto na lipi ni la mtu mzima. Usiyaweke kwenye kazi yako kabla bibi hajayapitisha.

mwalimu_wa_kibaigwa:

Asante sana kaka. Nimekutumia sasa hivi, kurasa mbili. Msalimie bibi, mwambie shikamoo kutoka Kibaigwa.